Lenzi ya sinema ya bei poa inakusumbua? Tafuta tatizo liko wapi kabla hujailaumu

Malalamiko ya watu wanaotumia lenzi za sinema za bei nafuu yanafanana sana. Awe na Meike, 7artisans, DZOFilm, Sirui, NiSi au zile Samyang za zamani, utasikia yaleyale: picha laini, haifiki infiniti (vitu vya mbali kabisa havikai kwenye fokasi), alama za umbali zinadanganya, rangi ina kijani, ukigeuza fokasi picha inaruka. Mtu akishaona hivyo anamaliza, ah, rahisi ghali, ndo hivyo. Mi nabisha. Vioo vya hizi lenzi siku hizi viko vizuri kuliko watu wanavyodhani, shida nyingi ziko pale lenzi inapokutana na kamera: adapta (kiunganishi cha lenzi na kamera zisizoingiliana), maunti (sehemu lenzi inapofungwa kwenye kamera), skrubu iliyolegea, filta iliyofungwa mbele, setingi ambayo hakuna aliyeigusa tangu kamera itoke kwenye boksi. Hivyo vyote vinatibika. Vichache havitibiki na hapo ndo unairudisha dukani bila aibu, ila lazima kwanza ujue ipi ni ipi.

Kabla ya yote, vua kila kitu

Ukitaka kujua lenzi ina nini usiipime ikiwa imevalishwa kama bibi harusi. Toa filta ya ND (ile ya kupunguza mwanga), toa filta ya kulinda kioo, toa matboksi (boksi la kukinga mwanga mbele ya lenzi), toa mota ya fokasi. Kamera iwe kwenye tripodi, stabilaiza (kituliza mtikisiko) ya kwenye sensa, yaani kile kipande kinachopokea picha, izimwe, shata iwe 1/50 kama unarekodi fremu 25 au panda kabisa 1/200 kwa ajili ya kupima tu. Hapo kwenye shata nasisitiza kwasababu watu wengi waliozoea kupiga picha za mnato wakija kwenye video wanaona mtu anayetembea ana ukungu wanasema lenzi sio shapu, kumbe ni mwendo tu, kwenye 1/50 kitu kinachotembea lazima kivutike na ndivyo video inavyotakiwa kuonekana.

Alafu usiamini pikingi. Zile rangi nyekundu zinazozunguka kingo za vitu zinawaka hata fokasi ikiwa imepita kidogo, hasa ukiziweka kwenye kiwango cha juu. Kuza picha kwenye kamera yenyewe, angalia kope au maandishi madogo, fokasi hapo. Monita ndogo ya bei poa nayo inaweza kukudanganya, ina pikseli chache kuliko unachorekodi, kwahiyo hukumu toa kwenye faili ulilorekodi, sio kwenye kioo cha monita.

Ukifanya hayo na tatizo likapotea, ushapata jibu. Rudisha kimoja kimoja mpaka lirudi.

Dalili: fremu nzima iko laini

Kama ni laini ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho tu na ukifunga hadi T2.8 au T4 (T ni kipimo cha mwanga unaopita, namba ikipanda tundu linapungua) inakaa sawa, hiyo sio mbovu, hivyo ndivyo ilivyoundwa. Lenzi kama 7artisans Vision yenye T1.05 au Sirui Night Walker yenye T1.2 inakupa mwanga mwingi kweli, lakini kutegemea ikiwa wazi kabisa iwe kama ikiwa T2.8 ni kujipa presha bure. Ikiwa wazi tegemea mng'ao mwepesi kwenye sehemu zenye mwanga mkali na zambarau kwenye kingo za matawi yaliyokaa mbele ya anga jeupe. Wengine wanaipenda kwa sura za watu, mi mmojawapo, ngozi inatulia bila filta ya kulainisha. Ila tangazo la bidhaa usilifanyie hapo.

Kama inabaki laini hata kwenye T5.6, anza kushuku vitu vitatu. Kwanza filta, hasa ND za kuzungusha za bei ya chini, vioo vyake viwili vinaharibu picha zaidi kadiri lenzi inavyokuwa ndefu, kwahiyo kwenye 24mm huoni kitu alafu kwenye 85mm au 135mm unashangaa. Pili, kamera yenyewe ina setingi ya kupunguza chenga imewekwa juu, inapaka ngozi plasta. Tatu, vioo vina ukungu au mafuta ndani, hii kwenye lenzi iliyotumika. Washa tochi ya simu, ipitishe kwa nyuma ya lenzi ukiwa umefungua apecha (tundu la mwanga) yote, angalia kwa mbele kwa pembeni pembeni. Vumbi kidogo halina neno, kila lenzi ina vumbi. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo, au nyuzi nyuzi kama mizizi, hizo ni habari nyingine, mizizi ni fangasi na inatakiwa fundi. Na usiiweke kwenye begi moja na zingine kabla haijasafishwa.

Dalili: haifiki infiniti, au alama za umbali hazisemi ukweli

Hapa ndo penye utamu, na hapa ndo lenzi nyingi zinauzwa kwa hasira bila kosa.

Kila maunti ina umbali wake maalum kutoka uso wa maunti mpaka kwenye sensa. PL ya kamera za sinema ni 52mm, EF ya Canon ni 44mm, M42 za kale kama Helios 44-2 ni 45.46mm, Micro Four Thirds ni 19.25mm, Sony E ni 18mm, Nikon Z ni 16mm, Canon RF na maunti ya L ya Leica na Panasonic zote ni 20mm. Kwahiyo adapta ya kutoka PL kwenda Sony E inatakiwa iwe na unene wa 34mm, ya EF kwenda E iwe 26mm. Sio "kama 26", ni 26. Na adapta nyingi za bei poa zinatengenezwa nyembamba kidogo kwa makusudi, ili mnunuzi asije akalalamika kwamba hafiki infiniti. Kwa mpiga picha za mnato hiyo haina shida, anageuza tu mpaka aone vizuri. Kwa mtu wa video anayetegemea alama zilizochorwa kwenye lenzi ni balaa.

Tuone hesabu ndogo. Chukua lenzi ya 24mm, kitu kiko mita 2. Adapta ikiwa nyembamba kwa 0.05mm tu, yaani nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuprintia, fokasi itakaa vizuri wakati alama inasoma kama mita 1.7. Umekosea sentimita 30 na hujafanya kosa lolote! Chukua 85mm kwenye adapta hiyohiyo, alama itasoma mita 1.98, hata hutagundua. Ndo maana mtu anakuambia seti yake nzima iko sawa isipokuwa lenzi pana, anadhani ile 24mm ilitoka kiwandani na shida wakati lenzi zote ziko kwenye kosa lilelile, sema pana ndo inalionyesha. Geuza sasa, adapta iwe nene kwa hiyo 0.05mm, ile 24mm ukiipeleka mpaka mwisho inafokasi umbali wa mita 11 na nusu hivi basi, majengo ya mbali yanabaki laini na hakuna utakachofanya.

Jinsi ya kupima: weka kamera kwenye tripodi, tafuta ile alama ya duara lenye mstari uliopita katikati juu ya kamera, hapo ndipo sensa ilipo, na vipimo vyote vya lenzi za sinema vinaanzia hapo, sio mbele ya lenzi. Vuta tepu mita 2 kamili mpaka kwenye kitu chenye maandishi, fungua apecha yote, kuza picha, fokasi, ndo usome alama. Rudia kwa kuikaribia fokasi taratibu kutoka upande wa mbali na kutoka upande wa karibu, maana ringi ikiwa na ulegevu majibu mawili yatatofautiana na hilo ni tatizo lingine.

Ukipata alama inasoma pungufu ya tepu, mfano 1.7 badala ya 2, lenzi iko karibu mno na sensa, unahitaji kuongeza shimu (pete za kuongeza unene, nazieleza hapo chini). Ikisoma zaidi ya tepu, au haifiki infiniti kabisa, iko mbali mno, punguza shimu. Andika hii sehemu maana watu wanaichanganya kila siku na kwenda upande wa kinyume.

Shimu zenyewe ni pete nyembamba sana za chuma au plastiki, zinakaa chini ya maunti ya lenzi. Seti kama DZOFilm Vespid na Meike za fulfremu zimetengenezwa ziwe na shimu, nyingine zinakuja na kapakiti kake ambako watu wanakatupa na boksi. Kazi yake ni hivi: simamisha lenzi kioo cha mbele kikitazama chini kwenye kitambaa kisafi, chora alama ndogo kwa penseli kwenye maunti na kwenye mwili wa lenzi ili irudi ilivyokuwa, fungua skrubu kwa bisibisi inayotosha kabisa maana skrubu hizi laini zikilika kichwa umeisha, fungua kwa mtindo wa msalaba yaani moja huku na inayotazamana nayo kule. Nyanyua maunti taratibu, shimu zilizopo zinaweza kuwa zimeng'ang'ania upande wa pili na zikadondoka. Ongeza moja ya 0.05mm kama ipo au ya 0.02mm, hakikisha matundu ya skrubu yamelingana na hakuna pete iliyojikunja, rudisha skrubu kwa msalaba vilevile, kaza kidogo kidogo zote kabla ya kukaza yoyote mpaka mwisho. Pima tena. Utarudia, zoea.

Sasa kitu muhimu kabla hujashika bisibisi: pima adapta kwanza. Kama una kalipa ya dijitali pima unene sehemu nne kuzunguka duara. Ukikuta sehemu nne zina namba nne tofauti, hiyo adapta imepinda, tupa, hakuna shimu itakayokuokoa. Na ukiwa na seti ya lenzi tano zote zinakosea kuelekea upande mmoja, usiguse lenzi hata moja, tatizo ni adapta au maunti ya kamera, kuna adapta za bei ya kati ambazo nazo zinakubali shimu, rekebisha hapo mara moja lenzi zote zitakaa. Lenzi moja tu ikiwa tofauti na wenzake ndo unaifungua hiyo.

Zumu nazo ziko humuhumu. Zumu za sinema kama DZOFilm Pictor zinatakiwa zishike fokasi unapovuta. Ukivuta mpaka mwisho, ukafokasi, ukarudi nyuma ukakuta picha imelainika, tatizo ni huo umbali wa maunti. Lakini kama ni zumu ya picha za mnato iliyovalishwa gia, nyingi hazishiki fokasi kabisa na haijawahi kuwa kazi yao, usipoteze jioni yako.

Dalili: upande mmoja shapu, upande wa pili laini

Hii ndo mbaya. Kioo kimoja ndani kimekaa upande au kimelala. Lakini hata hapa mshuku adapta kwanza, adapta iliyopinda inafanya kitu kilekile.

Kupima ni rahisi. Toka nje, tafuta kitu cha mbali chenye maelezo mengi, mnara wa simu au paa la jengo, apecha wazi. Kiweke katikati, fokasi, rekodi. Bila kugusa fokasi kisogeze kona ya juu kushoto, rekodi, kona ya juu kulia, na za chini. Kona zikiwa laini zote sawasawa hiyo ni tabia ya lenzi, inaisha ukifunga apecha. Kona moja ikiwa mbovu kuliko zote na inabaki hivyo mpaka T5.6, badilisha adapta urudie. Bado iko palepale? Kama maunti yako inaruhusu kuingiza lenzi kwa mikao tofauti, PL inaruhusu mikao minne, izungushe nusu duara uitazame tena. Ubovu ukihamia upande wa pili ni lenzi, ukibaki upande uleule ni kamera au adapta. Lenzi ikiwa na hatia irudishe. Usikubali kuambiwa fundi atairekebisha, kupanga kioo kilichohama kunataka vifaa ambavyo fundi wa kawaida hana.

Ndo maana nasema hiki kipimo kifanywe siku lenzi inapofika, sio wiki ya shutingi.

Dalili: ukigeuza fokasi picha inaruka pembeni

Yaani unavuta fokasi kutoka kwa mtu wa mbele kwenda wa nyuma, na pale unapobadili mwelekeo fremu nzima inacheza kidogo. Kwenye monita ndogo huioni, kwenye kioo kikubwa inatia kichefuchefu.

Kuza picha kwenye kitu kimoja, geuza ringi mbele nyuma mbele nyuma, tazama inavyoruka. Sasa shika mwili wa lenzi kwa mkono wako mwingine, uukamate kabisa usitikisike, geuza tena. Ikiacha kuruka, lenzi haina kosa, inachezea kwenye maunti. Lenzi za sinema ni nzito, ringi zake zinatia nguvu, alafu zinaning'inia kwenye maunti iliyotengenezwa kwa ajili ya lenzi nyepesi ya picha. Dawa ni kishikio cha lenzi kinachokaa kwenye fimbo za 15mm chini yake, au adapta yenye kufuli la kukaza badala ya ile ya kubofya kitufe tu. Angalia na skrubu za adapta, zile ndogo nne, zinalegea zenyewe kwa mitetemo ya gari. Kuna watu wanaweka kipande cha tepu nyembamba kwenye maunti ili ibane, inafanya kazi kwa siku moja ya dharura, ila gundi yake ikishuka kwenye sensa utajuta.

Ikiendelea kuruka hata ukiwa umeikamata, ulegevu uko ndani kwenye nyuzi za fokasi. Kwenye mpya, rudisha. Kwenye ya zamani, fundi aweke grisi nzito zaidi, inasaidia japo haiondoi yote.

Dalili: mota ya fokasi inateleza au inashindwa kukalibreti

Gia za lenzi za sinema ni za 0.8 (kipimo cha ukubwa wa meno), hakikisha na gia ya mota ni 0.8, kuna mota zinakuja na gia zaidi ya moja kwenye boksi. Meno yakikutana kwa kulegea yanaruka, yakibanwa sana yanaisukuma lenzi pembeni na utarudi kwenye tatizo la juu hapo. Kaza mpaka meno yaingie alafu legeza unywele.

Ikishindwa kukalibreti (kujitafutia mwanzo na mwisho wa ringi) mara nyingi ni moja ya haya: ringi ni nzito kwa nguvu uliyoiweka kwenye mota, pandisha nguvu. Au baridi, grisi inaganda, zungusha ringi kwa mkono mwanzo mwisho mara kadhaa kwanza. Au umevalisha pete ya gia ya mpira kwenye lenzi ya picha isiyo na ukomo, inazunguka milele na mota inatafuta mwisho ambao haupo, hapo kalibreti kwa mkono.

Na ukibadilisha lenzi ukakuta gia haiko sehemu moja na ya lenzi iliyotoka, ni kawaida kwa Samyang za mwanzo, zilikuwa lenzi za picha zilizobadilishwa, toleo la DS ndo likaja na gia zilizolingana.

Dalili: kona nyeusi

Lenzi ya Super 35 (ya sensa ndogo) kwenye sensa ya fulfremu (kubwa zaidi). Asilimia kubwa ni hiyo tu. Fulfremu inahitaji duara la picha la zaidi ya 43mm, lenzi ya Super 35 haijatengenezwa kufika huko. Weka kamera kwenye kropu ya Super 35 au APS-C, yaani itumie sehemu ya katikati ya sensa tu, basi. Kama lenzi ni ya fulfremu na bado kona zinakula, hesabu filta ulizopanga, filta mbili kwenye 18mm zinatosha kukata kona. Stabilaiza ya sensa nayo inahamisha sensa, kona nyeusi inakuja na kuondoka wakati unatembea, watu wanachanganyikiwa kwa hilo.

Dalili: mwanga na rangi havifanani kati ya lenzi na lenzi

Namba ya T inapima mwanga unaofika kweli upande wa pili, namba ya f ni hesabu ya tundu tu, kwahiyo lenzi ya picha ya f1.4 ukiiweka pembeni ya lenzi ya T1.5 usishangae ya T ikawa na mwanga uleule au zaidi. Ndani ya seti moja T2.8 zote zinatakiwa kufanana. Kwenye seti za bei poa alama ya apecha inaweza kupotoka kidogo, piga ukuta wa kijivu wenye mwanga sawa, angalia wevufomu (grafu ya mwanga) katikati ya fremu sio pembeni, lenzi iliyopungua ibandike tepu nyeupe uchore mstari wako wa T2.8. Umemaliza.

Rangi ni hivyohivyo. Lenzi moja ina unjano, nyingine kijani au bluu, ndo gharama ya kuchanganya makampuni na hata seti moja zilizonunuliwa vipindi tofauti. Piga kadi ya kijivu kila ukibadili lenzi, sekunde tano tu, kwenye kugredi (kurekebisha rangi) unasogeza tinti kidogo na hakuna atakayejua. Kitu kimoja lakini: kama nguo nyeusi inageuka kahawia au damu ya mzee ukiwa nje juani, usiseme lenzi, ni ND nzito isiyozuia infraredi. Na kama kuna msalaba mweusi angani, ND yako ya kuzungusha umeipeleka kupita mwisho wake, inaonekana mapema zaidi kwenye lenzi pana.

Dalili: picha inapauka taa ikiingia

Taa ikiwa nje kidogo ya fremu na weusi wote unageuka kijivu, weka mkono juu ya lenzi kama unakinga jua, ukiona rangi inarudi basi unahitaji kikinga mwanga au matboksi yenye bendera (vibao vya kuziba mwanga), lenzi haina kosa. Ukiona vidoti vya kijani vinavyotembea kinyume na taa za gari, mara nyingi ni filta bapa iliyoko mbele, itoe au ilaze kidogo kama matboksi inaruhusu. Baada ya hapo kinachobaki ni tabia ya lenzi, na watu wanalipia Helios kwa sababu hiyohiyo.

Dalili za anamofiki

Sirui alipotoa ile 50mm f1.8 ya 1.33x mwaka 2020 watu wengi wakaingia anamofiki (lenzi zinazobana picha kwa upana, unaitanua baadaye) kwa mara ya kwanza, na maswali yakawa mengi.

Watu wembamba warefu: hujatanua. 1.33x kwenye 16:9 inatakiwa ikupe 2.37:1 hivi. Kama umerekodi 3840 kwa 2160, punguza urefu wa juu kwenda chini mpaka kama 1624, upana uuache, usitanue upana bila sababu maana unakuza pikseli bure. Ukiwa na 1.5x au 1.6x, kwenye 16:9 unaishia na mstari mwembamba mno, 1.6x inakupa 2.84, rekodi kwa sensa nzima ya 3:2 au 4:3 kama kamera inaruhusu.

Sura inanenepa ukisogea karibu: lenzi haibani kwa kiwango kilekile kwenye umbali wa karibu, kwa hiyo ukitanua kwa namba kamili mashavu yanavimba. Kwenye kloozap tanua pungufu, kama ni 1.33 jaribu 1.25, tafuta kitu cha duara kwenye fremu, saa au kikombe kilichoangaliwa kutoka juu, tanua mpaka kiwe duara.

Haifokasi karibu: kawaida yake. Vaa dayopta (kioo cha kukuzia) mbele. +1 lenzi ikiwa infiniti inafokasi mita 1, +2 inafokasi nusu mita. Ukiwa nayo mbali hutaona kabisa, kwahiyo usiisahau kwenye lenzi ukahamia shoti pana.

Na ambavyo sio ugonjwa

Picha kujivuta na kurudi ukigeuza fokasi, wenyewe wanaita bridhingi, hakuna skrubu ya kuitibu. Ile fidia ya bridhingi ya kwenye kamera za Sony inafanya kazi na lenzi zao zinazoikubali tu. Funga apecha kidogo ili safari ya fokasi ionekane fupi, au panga waigizaji umbali wao usipishane sana.

Mistari ya ukuta kupinda kwenye lenzi pana nayo inalalamikiwa, eti lenzi ya kit (ile iliyokuja na kamera) haikuwa hivi. Ile ya kit ilikuwa inarekebishwa na kamera kimyakimya kupitia pini za umeme, lenzi ya kugeuza kwa mkono haina pini, unaona ukweli. Rekebisha kwenye kuhariri.

Picha inayumba kama jeli ukishika mkononi: stabilaiza haijui lenzi yako ni milimita ngapi, ingiza namba kwa mkono kila ukibadilisha lenzi, na kwenye lenzi pana sana au kwenye gimbo (kishikio chenye mota za kutuliza kamera) izime tu. Kamera kukataa kupiga kabisa: kuna setingi ya kuruhusu kupiga bila lenzi, iwashe, kamera haijui kama kuna kitu mbele yake.

Ukipita yote hayo na bado, rudia kwenye mwili mwingine wa kamera wenye maunti ileile, azima hata kwa nusu saa. Likihama na lenzi, andika dalili zako, ambatanisha zile klipu za kona nne na ya tepu, uitume dukani pamoja na adapta uliyopimia nayo.